Mlinzi Aliyewashinda Warumi Kensington

Ignace Cirhuza alifundisha historia Bukavu kwa miaka kumi na minne kabla hajawa mlinzi wa geti Johannesburg. Mimi nilimfahamu kanisani kwetu mtaa wa La Rochelle, alikokuwa akikaa safu ya nyuma na mkewe Denise na binti yao Glody. Kwa muda mrefu nilichojua juu yake ni kwamba hawezi kuvumilia tarehe isiyo sahihi. Mhubiri akikosea mwaka wa kubomolewa kwa Yerusalemu, Ignace alimngoja mlangoni baada ya ibada na kumtajia mwaka ulio sawa, kwa heshima zote. Sitasema kwamba alipendwa kwa hilo.

Mengi ya haya alinieleza mwenyewe, mengine nimeyapata kwa Pacifique, na machache niliyaona kwa macho yangu, likiwemo lile baya zaidi kwa upande wake, uani pa kanisa.

Alifika nchi hii mwaka 2011 na diploma yake ndani ya bahasha ya plastiki. Ofisi moja ilimwambia diploma lazima ithibitishwe, na ili ithibitishwe ilitakiwa barua kutoka shule aliyosoma, na shule ile ilikuwa imepoteza makabati yake yote ya kumbukumbu wakati wa vita. Akangoja miaka miwili. Denise alikuwa ameshaanza kushona nguo za harusi chumbani kwao, mashine ikiwa katikati ya kitanda na jiko. Mwishowe Ignace akasomea kozi ya ulinzi ya wiki tatu, akapewa sare ya rangi ya udongo, na mwaka 2015 kampuni ikampanga mtaa wa Kensington, kwenye klabu ya zamani ya wazee wanaoviringisha mipira kwenye nyasi.

Kazi yenyewe ilikuwa kufungua geti, kuandika namba za magari kwenye daftari, na kufunga geti. Aliyekuwa naye zamu alikuwa Pacifique, mtu wa Uvira, mdogo wake kwa miaka kumi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka maegesho. Pacifique alimwita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Ignace aliniambia kwamba katika mji huu wote ni yeye peke yake aliyemwita hivyo bila kutabasamu.

Kila Jumamosi mchana ukumbi wa klabu ulikodiwa na watu wengine. Walikuwa wanaume kumi na wawili hivi, wengi wastaafu, wanaofika na masanduku wanayoyabeba kama mayai. Ignace alidhani ni mafundi saa au wakusanya stempu. Siku moja gari moja liliachwa taa zikiwaka, akaingia ukumbini kumtafuta mwenyewe. Akakuta meza kubwa imetandikwa kitambaa cha kijani, na juu yake mamia ya askari wa bati, kila mmoja mrefu kama kidole kidogo cha mkono, wamepakwa rangi mpaka kamba za viatu. Watu wazima walikuwa wamesimama pande mbili za meza wakirusha dadu na kupima hatua za majeshi kwa futi ya chuma.

Akasahau habari ya gari. Akaziangalia ngao.

"Samahani," akasema kwa Kiingereza chake cha tahadhari, "hawa ni Warumi wa enzi za jamhuri. Lakini hawa wa nyuma wana ngao za miaka mia moja baadaye."

Wakamgeukia. Kisha mzee mmoja mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi akainama kuzitazama zile ngao, akacheka. "Anasema kweli," akasema. "Miaka kumi nawaambia, hamnisikii. Kumbe aje mtu wa geti."

Huyo alikuwa Deon, mwenyekiti wao, mpima ardhi mstaafu, mjane, umri wake sitini na minane. Kuanzia siku ile kila Jumamosi alitoka na vikombe viwili vya chai mpaka getini. Walizungumza juu ya Hannibal, juu ya barabara, juu ya namna mto unavyoamua vita. Deon alimletea vitabu. Ignace alivisoma kibandani na kuvirudisha vimefunikwa gazeti. Siku Glody alipopata kipaimara, Deon alikuja La Rochelle kwa gari lake dogo jeupe, akaketi kwenye kiti cha plastiki katikati yetu, akala bugali na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo yaliyotwangwa, akaongeza. Denise akaninong'oneza kwamba mzungu huyu anakula kama shemeji. Nilimwona mimi mwenyewe siku hiyo. Alimsaidia Ignace kukunja meza, na wakati wa kuondoka alimshika bega akamwita ndugu yangu, kwa Kiswahili, neno ambalo bila shaka Ignace alikuwa amemfundisha.

Ilikuwa lazima siku moja wafike Karrhae.

Hii ndiyo vita ambayo Ignace aliipenda kuliko zote. Bukavu aliifundisha wiki ya kwanza ya kila mwaka, kwa sababu wanafunzi walikuja wakiamini kwamba Roma ilishinda siku zote. Aliichora kwa chaki. Huyu hapa, alisema, ni Krassus, tajiri kuliko Warumi wote, mwenye umri wa miaka sitini na wivu kwa wenzake walioteka nchi. Ana watu zaidi ya elfu arobaini. Anavuka mto Furati kuwatafuta Waparthi. Mfalme wa Armenia anamwambia apite milimani ambako farasi wa adui hawawezi kukimbia, hasikii. Anamsikia mwenyeji mmoja aliyejitia rafiki wa Roma, anayemwambia kuna njia fupi. Mwenyeji huyo anamtoa mtoni, anamwingiza kwenye uwanda usio na mti wala kisima, kisha anaaga.

Na huku, Ignace alihamia upande wa pili wa ubao, yuko Surena. Hana hata miaka thelathini kamili. Ana wapanda farasi elfu kumi tu. Elfu moja kati yao wamevaa chuma, wao na farasi zao. Waliobaki ni wapiga mishale. Mtu wa kawaida angehesabu na kurudi nyumbani. Surena hakurudi. Aliwaficha watu wake wengi nyuma ya wachache, akawaambia wale wa chuma wajifunike ngozi na matambara. Warumi wakaona kundi la washamba wasiong'aa. Kisha ngoma zikapigwa pande zote, yale matambara yakadondoka, na uwanda ukawaka kwa vyuma na bendera za hariri.

Warumi wakajipanga mraba, ngao kwa ngao. Waparthi hawakuwaingia. Waliwazunguka na kuwapiga mishale. Krassus akawaambia askari wake wavumilie, mishale itakwisha. Hapo Ignace aliweka chaki chini, akangoja mtu aulize. Haikwisha, alisema. Nyuma ya mstari Surena alikuwa na ngamia, na ngamia wamebeba mishale. Mpanda farasi aliyemaliza podo lake alirudi, akajaza, akaja tena. Mwana wa Krassus alitoka na farasi kuwafukuza, wakamvuta mbali, wakamrudishia baba yake kichwa juu ya mkuki. Siku ya pili jeshi lilikuwa limesambaratika. Elfu ishirini walikufa, elfu kumi walitekwa, na Krassus mwenyewe aliuawa alipokwenda kuzungumza amani.

Deon aliisikia hadithi hii getini kana kwamba hakuwahi kuisoma, ingawa alikuwa ameisoma.

"Na Surena?" akauliza. "Alipewa nini?"

"Mfalme wake alimuua. Hata mwaka haukwisha vizuri."

"Kwa kosa gani?"

"Hakuna kosa. Yeye ndiye aliyemweka mfalme yule kwenye kiti, na sasa ameishinda Roma. Alikuwa amezidi."

Deon akapuliza chai yake. "Tuicheze," akasema.

Oktoba 2017 kikundi chao kilikuwa na siku ya wageni, watu wangekuja kutoka Pretoria na Vereeniging. Kila mwaka siku hiyo Deon alicheza upande wa Roma, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumshinda. Alitaka Ignace achukue Waparthi.

"Niko kazini Jumamosi, Mister Deon," Ignace akamwambia. Alimwita hivyo hata baada ya kula pamoja.

"Nimezungumza na wakubwa wako. Saa saba mpaka saa kumi na moja, umepewa ruhusa. Pacifique atakaa getini."

"Wameandika?"

"Wewe na mimi mpaka tuandikiane?"

Pacifique alikuwepo, amesimama hatua mbili na fagio mkononi. Aliyasikia yote. Ignace alipomgeukia akasema kwa Kiswahili, "Nenda, Mwalimu. Geti nitalishika mimi. Nataka kusikia umewafanyaje."

Wiki tatu zile, Denise anasema, mumewe alirudi kuwa yule mtu aliyemwoa Bukavu. Alichora ramani juu ya karatasi za kukatia nguo. Aligombana na sheria za mchezo. Sheria zilisema kila kikosi cha wapiga mishale kinaruhusiwa kupiga mara sita, basi kimeishiwa. Ignace akamwandikia Deon barua ya kurasa mbili akieleza kwamba bila ngamia, hiyo si Karrhae, ni vita nyingine tu yenye farasi. Deon akakubali ngamia. Nadhani aliwafikiria watatu, wa kupendezesha meza. Ignace akafinyanga kumi na wanane kwa udongo wa kuchezea watoto, akawakausha dirishani, Glody akawapaka rangi huku akilalamika kwa Kiingereza kwamba miguu yao ni kama ya mbwa.

Jambo la pili lilikuwa matambara. Ignace aliuliza kama anaweza kuwafunika askari wake wa chuma ili mpinzani asijue ni kina nani hadi dakika ya mwisho, na Deon akajibu kwamba ni haki, hata kitabuni imeandikwa. Denise akakata vipande vya kitambaa cha kahawia, kila kimoja kama ukucha wa gumba, akavishonea mkunjo kichwani ili visianguke. Alivishona sitini.

Siku ilipofika ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini. Ignace hakuwa na muda wa kubadilisha nguo. Aliingia na sare yake, akavua kofia, akaiweka chini ya meza. Upande wa Deon kulikuwa na Warumi wengi hata wamebanana. Upande wa Ignace ungeweza kuuhesabu ukiwa umesimama mlangoni. Mgeni mmoja wa Pretoria aliuliza kwa sauti kama huyu bwana wa ulinzi amepewa jeshi lote au bado mengine yako kwenye sanduku.

Kwa saa nzima haikutokea kitu cha kutazama. Farasi wa Ignace walisogea, wakapiga, wakarudi nyuma. Deon alitabasamu na kuhesabu mishale kwa sauti: moja, mbili, tatu. Alipofika sita alisugua mikono na kuanza kusogeza mraba wake mbele. Ndipo Ignace akaleta ngamia kutoka nyuma ya kilima cha kadibodi. Sio watatu. Kumi na wanane, katika mstari mmoja.

Deon akaomba kitabu cha sheria. Mwamuzi akasoma barua ya kurasa mbili, na chini yake sahihi ya Deon ya kukubali.

Mishale ikaanza upya. Deon, akiwa amekasirika kidogo, akatuma farasi wake wote mbele kuwakamata wapiga mishale, kama mwana wa Krassus alivyofanya. Ignace aliwaacha waje, akawavuta hadi ukingo wa meza. Halafu akaanza kuvua vile vitambaa, kimoja kimoja, kwa vidole viwili. Chini yake kulikuwa na farasi wa chuma, safu baada ya safu, mahali ambapo kila mtu alidhani pana washamba tu. Watu wakapiga makofi. Mgeni wa Pretoria alicheka mpaka akakaa chini. Ilipofika saa kumi na dakika arobaini, mwamuzi akatangaza kwamba jeshi la Roma limevunjika.

Deon alizunguka meza, akamkumbatia mbele ya wote. Akaomba wapigwe picha. Ignace alitoka getini akitembea kama mtu aliyepungua uzito, akamsimulia Pacifique kila hatua, na Pacifique akataka arudie sehemu ya ngamia.

Siku ya kumi na mbili aliitwa ofisi kuu ya kampuni. Meneja aliweka picha mbele yake: Ignace na sare yake, ameinama juu ya meza, mkono kati ya askari wa bati. Akasema mlinzi ameacha geti kwa saa nne za kazi. Ignace akasema alikuwa na ruhusa. Meneja akauliza ya nani. Ignace akaeleza. Meneja akafungua kompyuta, akatazama, akasema hakuna mtu yeyote aliyewahi kuomba ruhusa hiyo, si kwa barua, si kwa simu. Ignace akarudisha sare siku hiyo hiyo.

Alimpigia Deon simu mara tano. Jioni ukaja ujumbe. Nimeuona, aliuhifadhi. Ulisema: *Pole sana, rafiki. Niko pwani kwa dada yangu. Sielewi imekuwaje. Jiulize nani alikuwa nawe getini siku ile.*

Wiki iliyofuata Pacifique akapewa nafasi ya Ignace getini.

Hapa ndipo ninapofika kwenye lile nililoliona mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibadani, watoto wanakimbizana kati ya viti vilivyopangwa ukutani. Pacifique alikuja na mkewe Orpha moja kwa moja mpaka kwa Ignace, mkono umenyooshwa. Ignace hakuupokea.

"Ulipiga picha vizuri," akasema. "Mkono wako hautetemeki."

"Picha ipi, Mwalimu?"

"Usiniite hivyo. Ulisema nenda, geti utalishika. Kweli umelishika. Sasa ni lako."

Orpha akasema, "Papa Glody, tafadhali, watu wanasikia."

"Wasikie. Wajue wanasali na nani. Huyu ameniuza kwa kiti cha kibandani."

Akaendelea. Alisema mambo juu ya watu wa Uvira ambayo sitayaandika, na nusu ya kanisa letu ni watu wa Uvira. Pacifique alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshusha mkono wake.

"Umemaliza?" akauliza.

Akamchukua mkewe wakaondoka, na kwa miezi mingi hawakuonekana katika kanisa lile.

Ignace alipeleka shauri lake kwenye usuluhishi wa kazi. Lilisikilizwa Aprili 2018, chumba kidogo ghorofa ya tatu, meza moja na jagi la maji. Alikwenda na Denise. Kampuni ilileta mwakilishi na faili. Kabla hawajaanza mlango ukafunguliwa, akaingia Pacifique, amevaa sare, akaomba kusikilizwa kama shahidi wa mlalamikaji. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia tarehe kwa watu.

Alisema maneno machache tu. Kwamba alikuwa amesimama hatua mbili. Kwamba mwenyekiti wa wale wacheza vita alisema kwa kinywa chake kuwa amezungumza na wakubwa na ruhusa imetolewa. Kwamba Ignace aliuliza kama imeandikwa. Kwamba yeye Pacifique alikaa getini muda wote na daftari linaonyesha kila gari kwa mwandiko wake. Hakumtazama Ignace hata mara moja.

Kisha msuluhishi akaomba kampuni isome lalamiko la awali, lile lililoanzisha yote. Mwakilishi akalitoa kwenye faili. Ilikuwa barua iliyoandikwa siku mbili baada ya siku ya wageni. Ilisema mlinzi wa geti ameacha kituo chake bila kualikwa, akaingia ukumbini, akawasumbua wageni, na kwamba wanachama hawajisikii salama. Picha ilikuwa imebandikwa nyuma. Chini, sahihi ya Deon.

Ignace aliomba aione. Aliniambia kwamba hata bila sahihi angejua, kama angeitazama picha ile kwa utulivu siku ya kwanza ofisini. Ilipigwa kutoka upande wa Warumi. Ngao zote zimegeuza mgongo kwa mpiga picha. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa amesimama upande ule.

"Nilifundisha watoto kusoma ramani," aliniambia. "Na picha ikanishinda."

Uamuzi ulikuwa kwamba ahadi ya mdomo ya mpangaji wa ukumbi si ruhusa ya mwajiri, na mlinzi alipaswa kujua hivyo. Kufukuzwa kukabaki. Wiki ile ile kampuni ikamhamisha Pacifique kwenda ghala moja Soweto, upande wa pili wa mji kutoka kwake.

Siku ya shauri, Ignace na Denise walirudi nyumbani pamoja. Denise alipovua viatu akasema, "Papa Glody, umelifundisha jambo hili miaka kumi na minne. Mfalme na yule kijana wake."

"Nililifundisha kama historia," Ignace akajibu.

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kensington. Kwenye geti kulikuwa na mlinzi mgeni, Mzulu mpole, aliyemwandika kwenye daftari na kumwambia angoje. Deon akatoka. Safari hii hakuwa na chai. Geti lilikuwa katikati yao.

"Wanachama walilalamika," Deon akasema. "Mimi ni mwenyekiti. Lazima niandike."

"Nani alilalamika?"

Deon akatazama ukumbini.

"Ulikula kwangu," Ignace akamwambia. "Ungeniambia, usije tena ndani. Nisingekuja. Lakini umeandika kwamba hukunialika. Halafu ukanionyesha Pacifique."

Mzee akavua miwani, akaisugua. "Sikujua watakufukuza. Nilidhani watakupeleka mahali pengine."

"Kwa nini?"

Akavaa tena miwani. "Ulicheka," akasema. "Ulipokuwa unavivua vile vitambaa. Miaka kumi na tisa, na wote wakacheka pamoja nawe."

Ignace aliniapia kwamba hakumbuki kucheka. Alimwuliza Denise usiku ule kama yeye hucheka bila kujua, na Denise akamwambia ndiyo, akifurahi sana.

Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi nyuma ya Deon. Ndani, meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cha rangi ya mchanga, na watu wawili walikuwa wakipanga ngamia kwa mstari. Ubaoni palikuwa na karatasi yenye jina la mchezo wa siku hiyo, Karrhae, na chini yake: umetungwa na Deon.

"Vitambaa ni vya mke wangu," Ignace akasema. "Naomba nivichukue."

Deon aliingia ndani. Alirudi na bahasha. Ngamia hakuwaleta, na Ignace hakuwauliza. Alihesabu vile vitambaa palepale getini, vilikuwa hamsini na vinne, akaaga, akateremka kuelekea kwenye robot, zile taa za barabarani, kungoja taksi. Deon hakumwandikia tena.

Lililobaki lilikuwa la Pacifique, na hilo lilimchukua Ignace zaidi ya miezi miwili. Aliniambia kwamba hasira kwa Deon ilikuwa nyepesi kubeba kwa sababu ilikuwa na mwelekeo. Ile nyingine haikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwake mwenyewe. Alijua amemfanyia Pacifique kitu kilekile alichofanyiwa, tena mbele ya watu, tena bila hata picha. Aliniomba nifuatane naye. Nikaenda.

Walikuwa wanakaa chumba cha nyuma Rosettenville, ua umejaa nguo zilizoanikwa. Orpha alitufungulia. Hakutukaribisha ndani, alileta viti nje. Pacifique akatoka akifunga vifungo vya shati, akaketi.

Ignace alikuwa ameandaa maneno. Niliyaona kwenye karatasi ndani ya taksi. Hakuyatumia.

"Niliamini mtu aliyekula kwangu mara moja," akasema, "nikamkataa mtu niliyesimama naye jua na mvua miaka miwili. Hata baada ya hapo ukaja kunitetea. Sijui ulikujaje."

"Nilikuja kwa sababu nilisikia," Pacifique akasema. "Niliyasikia maneno yake. Nisingesema, ningekuwa kama ulivyoniita."

"Naomba unisamehe."

Pacifique akatazama mikono yake. "Uliniambia mbele ya watu wote. Watoto wangu wanasoma na watoto wa kanisa lile. Binti yangu alirudi akaniuliza msaliti ni nini. Kiswahili chake ni kidogo, hilo neno hakuwa nalo."

Ignace akaanza kuomba radhi tena.

"Huku nyuma ya nyumba hawakusikii," Pacifique akasema. "Kanisani ndiko ulikosema."

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, Ignace aliomba nafasi. Alisimama mbele bila karatasi. Alisema jina la Pacifique kamili, na la Orpha, akasema tarehe aliyowatukana, akasema kila neno lilikuwa uongo na ni nani hasa aliyeandika barua. Aliyataja na yale juu ya watu wa Uvira, akawaomba radhi hao pia. Wengine walitazama chini. Mhubiri alisema amina, sauti yake ikiwa juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Orpha alikuwa ameketi karibu na mlango. Pacifique hakuja.

Hawakuwa marafiki kama zamani. Walisalimiana. Mara moja moja Pacifique alimpigia simu Ignace kumwuliza habari za makaratasi ya ukimbizi, kwa maana Ignace anajua kusoma barua za ofisi kuliko sisi sote. Mapema mwaka 2019 Pacifique alipata kazi Durban, na siku ya kuhama Ignace alifika bila kuitwa, akabeba kitanda na friji mpaka kwenye lori, wakashirikiana kufunga turubai. Walizungumza juu ya kamba, na juu ya mvua iliyokuwa ikija kutoka kusini. Lori lilipowashwa Pacifique alimpa mkono kupitia dirishani, na Ignace akaushika mpaka dereva alipoanza kuondoka.

Sasa Ignace anauza rangi za nyumba kwenye duka moja huko Rosettenville. Jumamosi hafanyi kazi. Glody alimwuliza mara moja kama angependa wafinyange ngamia wengine, wacheze wenyewe mezani. Akamwambia hapana, labda siku nyingine, akaendelea kumsaidia hesabu zake.